Templeti Chini ya Lupanga

Asubuhi za Mazimbu zilinukia majani yaliyofyekwa na maandazi. Majani, kwa kuwa kampasi ya Solomon Mahlangu ni pana na ina miti mingi, na hakukosekana mtu mwenye fyekeo akipunguza nyasi kandokando ya njia kabla jua halijakomaa. Maandazi, kwa sababu mama mmoja alikuwa akiyakaanga nje ya geti kwenye karai jeusi, na iliki aliitia kwa mkono mkunjufu, maana Morogoro iliki si kitu cha kuhesabia punje. Nunua mawili, yafungwe kwenye kipande cha gazeti, halafu tusimame upande huu wa barabara tusubiri daladala ya mjini. Tazama kule kusini. Huo ukuta wa buluu unaoziba nusu ya anga ndio Uluguru, na kilele kilichosimama juu ya mji ni Lupanga, zaidi ya meta 2,100 kutoka usawa wa bahari. Saa moja hii hukioni, kimejifunika. Ikifika saa nne wingu linapanda, mlima unatoka mzima, na ukikaza macho unaiona minara ya redio na televisheni juu ya kilele cha Bondwa, ile ambayo usiku huwaka taa nyekundu.

Mwaka ni 2009, nami ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mtoto wa Lindi niliyekulia kwenye upepo wa bahari. Majengo tuliyosomea yalijengwa na watu wa mbali. Mazimbu lilikuwa shamba la mkonge lililoachwa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ikawapa wapigania uhuru wa ANC kutoka Afrika Kusini. Wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 1979. Njia ya kurudi kwao ilipofunguka, Julai 1992, wakakabidhi yote: madarasa, nyumba, karakana. Wengine hawakurudi. Makaburi yao yapo pale pale, na jioni nilikuwa nikipita taratibu nikiyasoma majina, nikijitahidi kuyatamka vizuri kadiri ulimi wangu ulivyoweza.

Daladala imefika. Ingia, sogea, mpishe mama mwenye ndoo ya perege wa bwawa la Mindu.

Ukishuka mjini, njia fupi ya kwenda kafe ya intaneti ilikatisha sokoni. Nasema soko la zamani, kabla halijabomolewa na kujengwa lile la ghorofa linaloitwa Chifu Kingalu, lililofunguliwa Februari 2021. Mabati ya lile la zamani yalikuwa yameshika kutu, na chini yake kulikuwa na giza lenye ubaridi wa mboga. Unapokewa kwanza na ndizi, mikungu imeegemezwa ukutani: mzuzu, kisukari, mkono wa tembo. Halafu magimbi yenye udongo bado. Halafu harufu inageuka ghafla, kwa kuwa umefika kwa wazee wa viungo, wale wa kutoka Kinole na Matombo, wenye mdalasini wa magome marefu, karafuu, pilipili manga iliyomwagwa juu ya mkeka. Akina mama wa vijiji vya juu ya mji, walioteremka alfajiri kwa miguu na mizigo kichwani, walikaa pembezoni na stroberi kwenye vikombe vya plastiki. Lindi sikuwahi kuona stroberi. Nilinunua kikombe, nikala nikitembea, na hadi nafika mlangoni mwa kafe vidole vilikuwa vyekundu.

Kafe ilikuwa chumba kimoja kirefu, mlango wa buluu, pazia la shanga. Kompyuta zilipangwa ukutani pande zote mbili, na vioo vyake vilikuwa vile vizito vya zamani vyenye kisogo kirefu, kila kimoja kimefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho mhudumu alikikunja kwa heshima kabla hujakaa. Feni ya dari ilizunguka na kulia. Shilingi 1,000 kwa saa, na saa yako ya kuingia iliandikwa kwenye kauntabuku kwa kalamu nyekundu. Kaka mhudumu alipenda Mbaraka Mwinshehe. Alikuwa na nyimbo zake zote, za Morogoro Jazz na za Super Volcano, kwenye mashine yake, na gitaa la yule bwana, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, lilitusindikiza mchana kutwa. Hata leo nikilisikia mahali, vidole vyangu hutafuta kibodi.

“Dada, flashi ipite kwanza hapa,” alisema kila mara, akinyoosha mkono. Virusi vya miaka ile vilikuwa vikificha mafolda ya watu. Aliichomeka kwenye mashine yake, akasubiri, akairudisha. “Safi. Kaa ile ya dirishani, ina brauza mpya.”

Dirishani ndiko nilikokutaka. Juu ya paa la jirani ulikuwa unaona mabega ya mlima, na pembeni kidogo dishi la setilaiti lililotuletea intaneti. Mvua ikianza kunyesha kule juu tulijua, kwa maana kurasa zilipunguza mwendo hata kabla tone la kwanza halijagusa bati letu. Watu walikuwa wanaegemea viti, wanavuta soga, wanangoja wingu lipite. Hakuna aliyenung'unika sana. Mji ule umezoea kupangiwa mambo na mlima.

Kazi iliyonipeleka kafe, ya kutengeneza ukurasa wa wavuti, ilitoka kwa mwalimu wetu wa somo la kompyuta, mtu wa sauti ndogo aliyekunja mikono ya shati mara mbili na kuweka chaki mfuko wa kifuani. Nilikuwa nasomea ualimu wa sayansi, na somo hilo lilikuwa la pembeni, lakini ndilo nililolingojea wiki nzima. Alituambia kwamba mwaka 1991 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN huko Uswisi, aliuweka wazi ukurasa wa kwanza wa wavuti, na kwamba tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza teknolojia hiyo kuwa ya watu wote, bila malipo. Kisha akageuka kutoka ubaoni.

“Ndiyo maana hakuna anayekuficha,” alisema. “Fungua ukurasa wowote duniani, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, omba uoneshwe chanzo. Utaona ulivyoandikwa, mstari kwa mstari. Someni hivyo. Na templeti ruksa. Chukueni iliyotengenezwa na mwingine, muibomoe, muijenge tena. Ila kilichomo ndani kiwe cha watu wa hapa wanaofanya kazi kwa mikono yao. Sitaki kusoma habari zenu ninyi.”

Tulikuwa watatu. Mimi, kijana mmoja Mluguru wa Nyandira, tarafa ya Mgeta, mrefu, mkimya, anayetembea haraka hata akiwa kwenye tambarare, na mwenzetu aliyesoma seminari kabla ya kuja chuoni, ambaye alikuwa bado anakunja nguo zake kwa mpangilio wa bweni la mapadri. Wa Nyandira alisema neno moja tu: “Mboga.” Tukakubaliana pale pale chini ya mwembe.

Templeti tuliyoichagua ilikuwa faili dogo lililobanwa, la kilobaiti mia mbili na kitu, na hata hivyo kulipakua kulichukua muda wa kunywa chai ya rangi hadi mwisho wa kikombe. Ukilifungua, ndani kuna mafaili mawili na folda la picha. Faili la kwanza, index.html, ndilo lenye maneno. La pili, style.css, ndilo lenye rangi, vipimo na mpangilio. Fungua la kwanza kwenye brauza uone: juu, picha pana ya shamba la ngano la manjano chini ya anga safi, chini yake menyu ya maneno matano, safu nyembamba kushoto, safu pana kulia, na mwisho kabisa mstari mdogo wenye jina la aliyeitengeneza, akiomba asiondolewe. Hatukumwondoa. Ilisimama mbele yetu kama nyumba ya fito ambayo haijakandikwa udongo, unaona vyumba vyote na huoni wenyewe.

Nakumbuka mara ya kwanza nilipogusa rangi. Kwenye style.css kulikuwa na alama ya reli ikifuatwa na tarakimu sita, na ndiyo ilikuwa rangi ya menyu, buluu fulani iliyopauka. Nikaifuta. Nikaandika 336633. Nikahifadhi, nikarudi kwenye brauza, nikabonyeza F5, na menyu nzima ikawa kijani kibichi cha majani ya njegere. Kijana wa Nyandira aliyekuwa amesimama nyuma yangu alitoa pumzi. Nikajaribu nyingine, ikatoka kijani cha migomba. Nyingine, kijani cha msitu wa Bondwa mvua ikikaribia. Saa nzima ya shilingi 1,000 ikaishia kwenye kijani, na sijawahi kutumia fedha vizuri zaidi ya vile.

Maneno yaliyokuwa ndani ya templeti hatukuyaelewa. Aya baada ya aya za lugha ngeni, zimejazwa pale ili mtu aone maandishi yatakavyokaa. Mwenzetu wa seminari alisogeza kiti, akainamia kioo, midomo ikicheza.

“Hiki ni Kilatini,” alisema. “Lakini kimekatwakatwa. Hapa sentensi inaanzia katikati ya neno.”

Alikuwa sahihi. Baadaye mwalimu alituambia kwamba maneno yale yametokana na kitabu cha Cicero, Mrumi aliyeishi kabla ya Kristo, na kwamba wachapaji waliyavuruga wakayafanya ya kujazia nafasi. Lakini mchana ule mwenzetu alikataa kuyafuta kwa pamoja. Aliyatoa aya moja moja, akiisoma kwanza kwa sauti ya kanisani, na mtu wa kompyuta ya jirani akaondoa visikilizio asikie. Kila aya ilipotoka iliacha uwazi mweupe. Tukabaki na ukurasa wenye rangi za kwetu na shamba la ngano la watu, na katikati hamna kitu. Basi tukaenda kutafuta cha kuweka.

Land Rover za Mgeta zilikuwa zinaondoka zikijaa. Tulikaa nyuma, magoti yakigusana, miguuni pana jerikeni la mafuta ya taa na matenga matupu yanayorudi kujazwa. Barabara inafuata ile ya Iringa hadi karibu na Mzumbe, kisha inaacha lami, inapita Mlali, na inaanza kupanda. Na kupanda kwenyewe si mchezo. Harufu ya klachi ikaingia ndani, kisha harufu ya udongo mbichi, kisha, kwenye kona fulani, baridi ikatupiga usoni kupitia turubai lililochanika. Ilikuwa Juni. Mimi nilikuwa na kanga mbili na sweta la kuazima, na meno yalikuwa yakigongana. Mama mmoja Mluguru aliyekaa mbele yangu akafungua kitenge chake akanifunika nacho mabegani bila kuniuliza jina.

Nyandira ipo juu, zaidi ya meta 1,500, na mlima bado unaendelea mbele yake. Vilele vya kule ndani, Kimhandu na wenzake, vinapita meta 2,600. Mito ya upande huu na ule wa mashariki inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayokwenda kunywewa Dar es Salaam. Tuliwasili siku ya gulio. Sikiliza: maji yanakimbia kwenye mifereji pande zote za njia, majembe yanagonga mawe mahali usipopaona, madalali wanaita bei juu ya Fuso zilizogeuzwa tayari kuteremka. Kabichi zimepangwa zikafika kiuno. Karoti zimeoshwa mtoni, zinang'aa. Njegere za maganda kwenye viroba, vitunguu swaumu vimesukwa mikia, viazi, figili, mapichi madogo yenye manyoya, plamu nyekundu ambazo ukizing'ata maji yanatoka hadi kwenye kiwiko. Mbegu nyingi za vitu hivi zilipandishwa huku na wamisionari na wakoloni zamani, lakini ukiziona mikononi mwa wale akina mama hutafikiri ziliwahi kuwa ngeni.

Niliandika kila kitu kwenye daftari. Majina, misimu, nani analima nini na kwenye bonde lipi. Niliuliza bei ya kiroba cha njegere pale, halafu nikauliza kinauzwaje kikifika Dar es Salaam, na mama mkulima akanitajia bei ya pale peke yake. Ya Dar alisema waulizwe wenye magari. Nikaandika hilo pia. Hapo ndipo nilipoelewa ukurasa wetu ulikuwa wa nini: mnunuzi wa mbali ajue mapema kilichoiva Mgeta, na mkulima asiwe mtu wa mwisho kujua thamani ya jasho lake.

Nyumbani kwa mwenzetu wa Nyandira tulipokewa na mama yake. “Shikamoo, mama.” “Marahaba, wanangu. Poleni na baridi.” Akatuketisha jikoni karibu na mafiga, akatumiminia chai nzito yenye maziwa na tangawizi, akaweka viazi vya kuchemsha kwenye ungo. Chai ile ilikuwa na ladha ambayo sikuwahi kukutana nayo, tamu, yenye uzito ulimini. Nilikunywa vikombe nikasahau adabu. Moshi wa kuni uliingia kwenye sweta na haukutoka hata baada ya kufuliwa Mazimbu, nami sikusikitika.

Kisha akaja mjomba. Kwa Waluguru ukoo na ardhi vinafuata upande wa mama, kwa hiyo mwenye neno la shamba ni kaka yake mama, na mwenzetu, aliyekuwa mkimya kwetu sote, mbele ya mjomba alikuwa mkimya zaidi. Mzee alivaa koti la sufu na kofia ya mkeka. Tukampa karatasi tuliyoichapa kafe, ile ya templeti yenye uwazi mweupe, ili atuambie nini kikae wapi. Aliiinua kwenye mwanga wa mlango. Akaweka kidole juu ya ngano.

“Hili shamba la nani?”

“Limekuja na templeti, Mjomba,” mwenzetu alisema.

“Mwenyewe yuko wapi?”

“Hatumjui, Mjomba.”

“Basi mrudishieni shamba lake. Njooni.”

Alitutoa nje, akatupandisha njia ya nyuma ya nyumba, yeye mbele akitembea bila kuhema. Tulifika mahali penye jiwe pana, akatuambia tukae tungoje ukungu. Tulingoja. Alituhadithia wakati tunangoja. Alikuwa mvulana serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani kote, hadi mwaka 1955 watu wa upande wa mashariki walipokataa hadharani na kukatokea ghasia. Huku Mgeta matuta mengi yalibaki, alisema, kwa sababu mboga na maji ya mifereji viliyalipa. Alisema kwa upole, akisugua mikono, kwa sauti ile ile aliyotumia kutuambia jiwe lipi linateleza.

Ukungu ukapasuka. Sikuwahi kuona kitu kile. Mlima mzima ulikuwa umekatwa ngazi, kutoka mtoni chini kabisa hadi ukingo wa msitu, na kila ngazi ina rangi yake: kijivu cha kabichi, kijani cha karoti, weupe wa maua ya njegere, udongo mwekundu uliopinduliwa asubuhi ile. Mfereji ulipita katikati ukiwaka jua. Kamera ya kuazima ilikuwa na betri zinazochukia baridi. Mwenzetu wa seminari alikuwa amezikumbatia kwapani njia nzima. Akazitoa, akazitia, tukapiga. Mjomba akasema tupige tena, mara hii tusiikate nyumba ya dada yake.

Rudi nami kafe, kwenye kompyuta ya dirishani. Picha ya kamera ilikuwa na upana wa pikseli 2,048 na kimo cha 1,536. Kichwa cha templeti kilitaka 760 kwa 180, kwa kuwa ukurasa wote ulikuwa na upana wa 760, ili uenee hata kwenye vioo vidogo vya miaka ile. Kwa hiyo katika mlima mzima tulitakiwa kuchagua utepe mmoja mwembamba. Tulitumia programu ndogo ya bure ambayo kaka mhudumu alituwekea. Ukishusha utepe unapata mto na kukosa msitu. Ukiupandisha unapata msitu, unakosa nyumba. Wa Nyandira alishika mausi mwenyewe, mara ya kwanza kabisa, akausogeza utepe polepole, akausimamisha mahali ambapo paa la bati la mama yake lilitokea kona ya kushoto, mfereji ukakatisha katikati na maua ya njegere yakakaa kulia, chini ya mahali jina la ukurasa litakapoandikwa. “Hapa,” alisema. Tukakata. Picha iliyokuwa na uzito wa zaidi ya megabaiti moja ikabaki kilobaiti sitini na kitu. Tukaipa jina lile lile la picha ya ngano, tukaitumbukiza kwenye folda juu yake. F5.

Ngano ikaondoka. Mgeta ikakaa.

Kaka mhudumu aliacha mashine yake akaja kusimama nasi, mikono kiunoni, akatazama hadi wimbo ukaisha. “Hii Mgeta kabisa,” alisema. “Naiona hadi baridi.”

Maneno tulianza kuyaingiza siku hiyo hiyo, kutoka kwenye daftari lenye madoa ya plamu. Safu ya kulia ikaanza kutuchezea. Tulipoongeza nafasi kando ya maandishi yasibane, iliporomoka yote ikaenda kukaa chini ya safu ya kushoto. Mhudumu akavuta kauntabuku lake, akatupigia hesabu nyuma ya ukurasa wa jana. Safu ya kushoto 180, ya kulia 580, jumla 760 kamili. Lakini nafasi mpya ya pikseli 10 kushoto na 10 kulia nayo ilihesabiwa. “Zile 20 hazina pa kukaa, dada,” alisema. Tukapunguza safu hadi 560, ikapanda ikarudi mahali pake. Tangu siku hiyo sijaona ukurasa wowote wa wavuti bila kuwaza kuwa kuna mtu alikaa akajumlisha.

Kuupandisha hewani kulifanyika usiku, kafe ikiwa karibu kufungwa, kwenye nafasi ya bure iliyotolewa na kampuni moja ya ng'ambo. Mafaili yalipanda moja moja kupitia dishi, anga likiwa safi, nyota zimemwagika juu ya Lupanga. Julai ya mwaka huo mkongo wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam, wa kwanza kutuunganisha na dunia kwa kupita chini ya bahari, na mambo ya kungoja wingu yakaanza kusahaulika kidogo kidogo. Lakini ukurasa wetu ulipanda kwa dishi, na nafurahi ulipanda hivyo. Mwenzetu wa Nyandira aliandika anwani yake kwa kalamu kwenye kiganja ili asiipoteze hadi Mazimbu.

Leo hauko tena. Nafasi za bure za miaka ile zilifungwa moja baada ya nyingine, hata GeoCities iliyokuwa maarufu kuliko zote ilifungwa Oktoba 2009, na yetu nayo ikafuata. Folda ninalo. Nimelihamisha kutoka flashi hadi kompyuta, kutoka kompyuta hadi nyingine, na mafaili bado ni mawili na picha bado ina paa la bati kwenye kona. Wanafunzi wangu wa sekondari nimewafundisha kwa folda hilo, nikawaacha wabadilishe kijani wanavyotaka.

Ila kabla hakijafungwa chochote, tulipandisha karatasi Nyandira. Tuliuchapa ukurasa kafe, rangi nyeusi na nyeupe, tukaukunja ndani ya daftari, tukapanda Land Rover. Mjomba aliusomea dukani, miwani imefungwa uzi, mbele ya watu waliokuja kununua chumvi na sabuni. Alisoma kwa sauti, bila haraka: njegere na misimu yake, kabichi, karoti, vitongoji kimoja kimoja, na kila kitongoji kilipotajwa kuna mtu aliitikia. Picha aliizungusha mkono kwa mkono. Mama mmoja alijitafuta kwenye matuta hadi akalipata shamba lake, akaweka ukucha juu yake.

Mjomba akafika mwisho, hadi kwenye jina la mtengeneza templeti, akalisoma nalo. Akakunja karatasi.

“Kazi nzuri, wanangu. Sasa, mbuzi wako wapi?”

Tukatazamana.

“Ile chai mliyokunywa kwa dada yangu, mlifikiri ni maziwa ya nini?”

Walikuwa nyuma ya jiko, kwenye banda lililoinuliwa juu ya miti, mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway ambao chuo chetu kilisaidia kuwaingiza Mgeta miaka ya 1980. Mjomba alituchagulia wa kupigwa picha, akamfuta pua kwa kiganja, akatutajia lita anazotoa asubuhi na jioni na kututaka tuziandike. Jumatatu tulikuwa kafe tena. Menyu ya templeti ilikuwa ya maneno matano na upana wake umejaa, kwa hiyo tulipunguza pikseli kwa kila neno, kidogo kidogo, hadi la sita likaenea.

“Mbuzi,” alisoma kaka mhudumu, akaandika saa yetu ya kutoka.